Mimi na Wewe ni Chai

Ilibaki paketi moja tu ya majani chai ya Kericho, na walioitaka walikuwa wawili.

Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, saa ambayo duka la Goretti pale Columbia Heights halina hata nafasi ya kugeuza shingo. Huku akina mama wanachagua sombe, kile kisamvu cha Wakongo, kule wanaume wanauliza kama mbuzi amekatwa, na katikati ya magunia ya unga watoto wanalia kwa Kiingereza. Nje theluji imefika magotini. Kemunto alikuwa ametoka zamu muda huohuo, sare yake ya uuguzi, rangi ya damu ya mzee, ikichungulia chini ya koti. Alinyoosha mkono kwenye rafu ya juu, na mkono wa mtu mwingine ukamtangulia.

"Nipe hiyo," akasema.

Mwanaume mwenye paketi hakumpa wala hakuirudisha. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, koti la sufu la kijivu, skafu imefungwa kwa mahesabu, na viatu vimepigwa rangi. Sasa niambieni, nani anapiga viatu rangi Minnesota mwezi wa pili, wakati chumvi ya barabarani inakula hata chuma?

"Hujambo, dada," akasema.

"Sijambo. Nipe hiyo majani, nimetoka job na nimechoka."

"Kwetu tunasema naomba."

"Kwenu ni wapi?"

"Moshi."

"Basi uko mbali na kwenu. Nipe."

Yule bwana alicheka mpaka paketi ikatikisika mkononi. Goretti, mama wa Bukavu mwenye kilemba kirefu kuliko rafu zake, akapaza sauti kutoka kwenye meza ya malipo: "Bon, nyinyi wawili, mulipe ao mutoke. Munafungia watu njia."

Aliyelipa ni yule bwana. Walipofika mlangoni akamkabidhi Kemunto paketi kwa mikono miwili.

"Hii ni yako. Ila nitakuja kuinywa. Naitwa Damas."

"Nani amekukaribisha?"

"Ndiyo naomba sasa. Unaona neno linavyofanya kazi?"

Kemunto alitaka kununa lakini uso wake ukamsaliti, akatabasamu. Akampa namba ya simu.

Mwaka mzima ukapita katika ugomvi huohuo mtamu. Damas alikuwa mhandisi wa maji katika kampuni moja ya Saint Paul. Alikuja Marekani kusoma, akabaki kufanya kazi. Kemunto alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee huko Oakdale, mtoto wa Nyamira, ambaye mama yake alichuma majani chai miaka thelathini, kikapu mgongoni, umande mpaka kiunoni. Damas alimwita Bi Nipe. Kemunto alimwita Bwana Naomba. Kila mchana, wazee wakishalala, simu iliita.

"Bi Nipe, umekula?"

"Bado. Niletee chakula."

"Naomba uniletee chakula."

"Wewe nawe! Nikikufa njaa utaandika kwa kaburi kwamba nilikosa adabu?"

"Nitaandika kwamba nilimpenda hivyohivyo na ukosefu wake."

Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa na jina: Elinaja. Huyu alikuwa dada yake Damas, mtoto wa mama yake mkubwa, mwanamke wa makamo aliyempokea uwanja wa ndege na begi moja, akamvisha koti lake la kwanza la baridi. Siku Kemunto alipopelekwa kwake Richfield kutambulishwa, alimnyooshea mkono kwa furaha na kusema, "Sasa, dada!" kama wanavyosalimiana vijana wa Nairobi. Elinaja aliupokea mkono ule kwa vidole viwili.

"Binti mzuri," alimwambia Damas baadaye, "ila hakuniamkia."

Kemunto alipoambiwa alicheka. "Shikamoo sisi tuliisoma kwa kitabu tu, Damas. Kwetu hatuisemangi." Damas naye akacheka, mambo yakaishia hapo. Yaani walidhani yameishia hapo.

Januari ikaja na barua. Kibali cha kazi cha Damas hakikuongezwa; mwisho wa Februari awe ameondoka. Alihangaika na mawakili, kila mmoja akimwambia maneno mazuri yasiyo na kitu ndani, hadi akakata tamaa akatafuta kazi nyumbani. Akapata, mradi wa maji kule Arusha. Jioni aliyopata, alimfuata Kemunto Columbia Heights, wakakaa ndani ya gari mbele ya nyumba za kupanga, hita ikinguruma.

"Njoo na mimi," akasema. "Tufunge ndoa, tukaishi Arusha. Raha sikuahidi. Nakuahidi mimi."

Kemunto akatazama barafu iliyoganda kwenye kioo. Leseni yake ya uuguzi aliipata kwa machozi na usingizi wa kuibia. Mama yake Nyamira alikuwa akimtegemea. Na Arusha yenyewe si kwao. Angeanza upya tena, kwa mara ya pili maishani, mahali ambapo hata kusalimia hajui. Kisha akajaribu kuvuta picha ya Minneapolis bila huyu mtu wa viatu vinavyong'aa, akashindwa.

"Nipe muda," akasema.

"Nakupa. Nenda safari yako, ukafikiri." Safari hiyo Kemunto aliipanga na wauguzi wenzake tangu mwaka uliopita: wiki mbili China, kuona chai ilikoanzia, ili amsimulie mama. "Ukipata jibu usingoje kurudi. Nitumie, hata kwa neno moja. Ila liwe la kweli, Kemunto. Watu wamenibembeleza sana mwaka huu. Sina nguvu ya kubembelezwa tena."

Kule Hangzhou wenzake walikwenda madukani. Kemunto aliingia uchochoro wa nyuma, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mwanamke, Bi Shen, aliyefundisha wasafiri namna ya zamani ya kutengeneza chai, ya miaka elfu moja iliyopita. Kemunto aliingia na kiburi. Binti wa Nyamira afundishwe chai? Chai aliijua: sufuria, maziwa, majani, sukari, mpaka ipande.

Pale hapakuwa na sufuria. Palikuwa na bakuli jeusi, unga wa chai uliosagwa laini kuliko poda ya mtoto, na kijifagio cha mwanzi. Unapasha bakuli moto kwanza. Unachekecha unga, unaukoroga na tone la maji mpaka uwe kama uji mzito. Kisha unamimina maji mara saba, kidogo kidogo, na kila mara unapiga kwa kijifagio mpaka povu jeupe lipande. Siku ya kwanza povu la Kemunto lilikuwa kama la sabuni ya kufulia. Siku ya pili mkono ulimuuma hadi begani. Bi Shen alizungumza na simu, simu ikatafsiri kwa Kiingereza kilichopinda, na Kemunto akajitafsiria mwenyewe: mkono mwepesi, fagio zito.

"Zamani walishindana," simu ikasema. "Povu zuri linauma bakuli. Linashika ukingo, haliachi. Likiachia, maji yanaonekana, na umeshindwa."

Siku ya tatu lilishika. Kemunto alilitazama povu lile likiwa limeng'ang'ania weusi wa bakuli, dakika zikapita, halikuachia. Bi Shen akachovya ncha ya kijiti kwenye uji wa chai, akachora ua juu ya weupe ule, ua likakaa. Akasema kitu, na simu ikatafsiri: sasa majani hayajui tena maji ni nani.

Jamani, moyo wa Kemunto ukapasuka kwa furaha. Damas ni mtu wa maji. Yeye ni mtoto wa majani. Arusha, Nyamira, Minneapolis, mahali ni bakuli tu. Alitoka uchochoroni akitafuta mtandao, kule ambako mtandao wenyewe unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependwa, akaandika upesi kabla haujakatika. Maelezo aliyaweka akiba. Alitaka aje amwonyeshe kwa mikono yake, bakuli mezani, amwone uso.

"Damas, nimefikiri sana. Mimi na wewe ni chai. Jibu langu ni hilo."

Jibu likaja baada ya saa mbili. "Nimeelewa. Asante kwa kuniambia ukweli."

Kemunto akalala akitabasamu, simu kifuani. Msimcheke. Na nyinyi mngelala.

Siku zilizofuata kimya, akalaumu mtandao. Aliporudi Minneapolis, Jumanne ya wiki ya mwisho ya Februari, alitoka kwenye mlango wa wasafiri na bakuli jeusi alilouziwa na Bi Shen limefungwa ndani ya leso, akatafuta koti la kijivu katikati ya watu. Hakuliona. Akangoja saa nzima. Akapiga simu, haikuita. Akafungua WhatsApp: picha ya Damas haipo, pameachwa kivuli cheupe cha mtu. Alikuwa amezuiwa.

Alikwenda kwenye nyumba aliyopanga Damas. Jina limeshatolewa kwenye kisanduku cha barua. Alipiga namba ya Elinaja mara tisa. Ya tisa ikapokewa.

"Dada, ni Kemunto. Damas yuko wapi? Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi kuna nini?" Sauti ya Elinaja haikupanda. "Umeshasema lako, mwenzangu. Mwache mtu aondoke na heshima yake." Simu ikakatwa.

Umeshasema lako. Lipi? Kemunto alisoma ujumbe wake mpaka herufi zikapoteza maana. Hakuona kosa. Basi ni mwanamke mwingine. Au Elinaja amemtia maneno. Au Damas alimpima tu, alipopata ndiyo akaogopa. Jumatano hakula. Alhamisi alisimama chini ya ghorofa za Richfield katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, hakumbuki mlango alioletwa siku moja tu, anatazama madirisha, hadi kope zikaganda. Ijumaa hakujiamini kushika usukani, akaongea peke yake ndani ya basi. "Nilisema ndiyo," alikuwa akisema. "Nilisema ndiyo, sasa wanataka nini?" Mwanamke wa kiti cha jirani akahama.

Alijua jambo moja tu, kwamba ndege ya Damas, kama alivyomwambia kabla ya safari ya China, ni Jumatatu asubuhi, na ikishapaa hataweza kumfuata mtu asiyetaka kupatikana.

Jumamosi alikwenda kazini kwa sababu wazee hawajui huzuni ya mtu. Saa nne asubuhi Leah alimkuta kwenye stoo ya mashuka, amekaa chini, amejifunika uso kwa foronya. Leah alikuwa Mtanzania, mtu wa Dar, muuguzi mwenzake wa zamu, aliyesali kanisa moja na Elinaja. Mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi.

"Jamani, Kemunto. Nani amekufa?"

"Mimi."

"Basi marehemu anyanyuke aniambie." Akakaa naye chini. Kemunto akamweleza yote, gari, barua, Arusha, China, kimya. Leah akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwandikia nini hasa? Nisomee."

Kemunto akampa simu. Leah akasoma. Akasoma tena. Ule utani wake wote ukamtoka usoni.

"Hii uliandika kwa Kiswahili cha wapi?"

"Kiswahili ni Kiswahili."

"Sivyo, mpenzi wangu. Kwetu siku hizi chai si chai."

"Ni nini?"

"Ni uongo." Leah alisema polepole, kama anavyowaeleza familia za wagonjwa. "Mtu akikuletea habari ya kutunga, tunamwambia, hiyo chai. Anatupiga chai. Mji mzima wanasema hivyo. Wewe umemwandikia mwanaume aliyekuomba ndoa, umefikiri sana, na jibu lako ni kwamba wewe na yeye ni uongo."

Mashine ya kufulia ilikuwa ikizunguka upande wa pili wa ukuta.

"Kwetu," Kemunto akasema kwa sauti ndogo, "chai ikiharibika sana ni hongo."

"Hata hongo ingekuwa afadhali."

"Lakini ananijua! Anajua mimi ni Mkenya. Anajua mama yangu anachuma chai!"

"Angekuwa ametulia angejua. Mtu anayengoja kukataliwa, hata ukimwambia karibu atasikia kwaheri."

Kemunto alilia kilio ambacho hakuwa amelia wiki nzima, maana sasa alijua. Siku kumi na mbili mtu huyo alikuwa akifunga mizigo akiamini kwamba mwaka mzima alikuwa anachezewa. Na aliyemwambia hivyo ni yeye, kwa vidole vyake, akitabasamu.

Leah akapiga simu kwa Elinaja palepale, akaweka spika. Akaeleza kwa utaratibu mzuri. Elinaja akamwacha amalize.

"Kwa hiyo leo ndiyo chai imekuwa chai," Elinaja akasema. "Baada ya wiki mbili. Leah, mdogo wangu, hiyo nayo ni chai." Akakata.

Leah akaishusha simu. "Umesikia. Kwa mdomo hutashinda. Kila ukitamka neno hilo wao wanasikia lao. Kesho saa tisa mchana, baada ya ibada, wanamuaga hapohapo kwa Elinaja. Mlango namba mia mbili na nne. Mimi niko zamu, siwezi kukupeleka. Nenda."

"Nikaseme nini?"

"Usiseme. Si una mikono?"

Jumapili gari la Kemunto likakataa kuwaka. Baridi ya Minnesota haina haya. Inakungojea siku uliyo na shida zaidi ndipo inaua betri. Akapanda basi, akabadilisha mjini, akapanda jingine la kwenda Richfield, begi la vifaa miguuni na bakuli mapajani ndani ya leso. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la buluu ambalo Damas alilipenda, na juu yake koti kubwa, na viatu vya theluji ambavyo havikuendana na chochote. Unga wa chai uliobaki ulitosha mabakuli mawili. Aliupima kwa macho mara tatu njiani.

Harufu ya pilau ilimpokea kwenye ngazi. Alibisha. Mlango ulifunguliwa na Elinaja mwenyewe, kitenge cha kahawia na kilemba chake, na nyuma yake sauti za watu. Alipomwona mgeni, mkono wake ukashika mlango kuusukuma.

Kemunto akapiga goti kidogo, pale kwenye zulia la kufutia viatu.

"Shikamoo, dada."

Sasa nyinyi mnaojua, mnajua. Ipo mikono inayoweza kufunga mlango usoni mwa mtu, lakini haupo mdomo wa Kichaga, wala wa Kitanzania wowote, unaoweza kuiacha shikamoo ikianguka chini.

"Marahaba," Elinaja akasema kabla hajajizuia. Na ukishaitikia, umeshampokea mtu. Alibaki ameshika mlango, ameukasirikia mdomo wake mwenyewe. "Dakika kumi," akasema hatimaye. "Vua viatu."

Sebuleni palikuwa na watu kama kumi na watano na masanduku matatu makubwa ukutani, yamefungwa kamba. Damas alikuwa kwenye kochi, shati jeupe limepigwa pasi, mashavu yameingia ndani. Aliponyanyua macho akamwona, alisimama nusu, akakaa tena.

"Kemunto," akasema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi. "Hukuhitaji kuja. Ulishasema, na mimi nilikushukuru."

"Nilisema chai."

"Tulisoma, mimi na dada."

"Naomba maji ya moto," Kemunto akasema. "Naomba na meza."

Ukisikia mtu huyo anasema naomba mara mbili mfululizo, ujue hali si hali. Damas alilisikia. Akavuta meza ndogo ya kahawa mbele yake. Elinaja akaleta birika la umeme, akaliweka kwa kishindo.

Kemunto akapiga magoti. Akafungua leso, akatoa bakuli jeusi, kijifagio, kopo la unga, chujio, kijiti. Akachekecha kwa haraka mpaka unga ukamwagika kidogo mezani. Akakoroga, akamimina maji, akapiga. Akamimina, akapiga tena. Hakuna kitu. Maji ya kijani yakazunguka, viputo vikubwa vikaibuka na kupasuka. Akapiga kwa nguvu zaidi, kwa bega zima, na povu likazidi kukimbia.

"Anafua nini huyu?" mtu akanong'ona, na wawili wakacheka.

"Kemunto," Damas akasema, "inatosha. Usijidhalilishe."

Machozi yakadondokea kwenye bakuli. Alilishika kwa viganja viwili ili alisukume pembeni, na hapo viganja vikamwambia: udongo mzito wa bakuli ulikuwa bado baridi kama jiwe. Lilikuwa limesafiri saa nzima kwenye basi la Februari, naye alikuwa ameanza kumimina bila kulipasha. Somo la kwanza kabisa. Alikuwa na haraka akaliruka, kama alivyoruka maelezo kule uchochoroni.

"Bado moja," akasema. Akamwaga ile chai kwenye sinki, akajaza bakuli maji ya moto, akalikumbatia kifuani, juu ya kitenge, akangoja. Chumba kizima kikangoja naye, hakuna aliyejua kinachongojwa. Elinaja alitazama saa ya ukutani, lakini hakusema dakika kumi zimekwisha.

Kisha akamwaga maji, akakausha bakuli kwa leso, akaweka unga wa mwisho.

"Hii ni majani," akasema, na safari hii hakuharakisha. "Mimi ni mtoto wa majani. Mama yangu ameyachuma tangu sijazaliwa." Akatia tone la maji, akakoroga uji, akatenga kidogo kwenye kisahani. "Haya ni maji. Wewe ndiyo kazi yako." Akamimina, akapiga, mkono mwepesi, fagio zito. "Nilifundishwa China siku tatu. Siku ya tatu nikakuandikia." Akamimina mara ya tatu, ya nne. Povu likaanza kunyanyuka, jeupe, zito. Ya tano. Watu wa nyuma walisimama kuona. Ya sita, ya saba. Akauondoa mwanzi taratibu, na povu likabaki limekaa, limeshika ukingo mweusi pande zote.

Akalisogeza mbele ya Damas.

"Nitenganishie," akasema. "Nionyeshe majani yako wapi na maji yako wapi. Ukiweza, basi nilikudanganya, na nitatoka."

Damas aliinama juu ya bakuli. Alitazama muda mrefu, kama anavyotazama mambo ya kazi yake. Povu halikuachia.

"Mimi na wewe ni chai," akasema taratibu, akilisoma upya, na uso wake ukaanza kuvunjika. "Kemunto. Mungu wangu. Ulikuwa unaniambia..."

"Ngoja. Mdomo wangu umeshaharibu, acha mkono umalize."

Akachovya kijiti kwenye uji wa kisahani, akaandika juu ya weupe, herufi moja moja, kijani. N. D. I. Y. Ile O ya mwisho haikufunga vizuri kwa sababu hakuona tena, macho yalikuwa yamejaa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Elinaja alikuwa amesogea mpaka nyuma ya kochi, mkono mdomoni.

"Ndege ni kesho asubuhi," Damas akasema. "Siwezi kuibadilisha. Kibali kimekwisha."

"Najua. Sikuja kwa ajili ya ndege. Nina wazee wa kuaga, na kazi ya kuacha, na mama wa kuambia. Itachukua miezi. Nitakulilia miezi hiyo yote, na nitakuja." Akalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, kama alivyokabidhiwa paketi mlangoni kwa Goretti. "Damas, naomba upokee."

Damas alifuta macho kwa mkono wa shati lake lililopigwa pasi. Akanyoosha mikono.

"Nipe," akasema.

Kemunto alicheka na kulia kwa pamoja. Akampa. Damas akanywa, lile neno likaanza kuingia mdomoni mwake herufi kwa herufi, akanywa yote bila kupumua, na alipolishusha bakuli alikuwa na povu kwenye masharubu. Akalitazama ndani. Pembeni, kwenye weusi, povu lililobaki lilikuwa bado limeng'ang'ania.

Akageuka, akamnyooshea Elinaja lile bakuli tupu aone mwenyewe.

"Dada," akasema, "hii siyo chai."